Kifaranga Rangi ya Majivu

Kabla kampuni haijauzwa na kupewa jina jipya, hata mbuzi wa njia ile walizijua treni kwa rangi. Nyekundu ilikuwa ya pole, inasimama kila penye kibanda na mtu wa kuipungia mkono. Ya njano ilikuwa ya kasi, na hiyo haikumjua mtu: inapita na upepo wake, wewe unabaki unajipangusa mchanga machoni.

Aliyezipaka rangi kule karakana alikuwa fundi mmoja mwembamba, ambaye vifundo vya vidole vyake vilikuwa na rangi hata siku za mapumziko. Na aliyezitegemea rangi hizo kuliko mtu yeyote alikuwa dada yake.

Dada mtu hakuzaliwa kiziwi. Homa ilimshika utotoni, ikamkaa kichwani, na ilipoondoka ilibeba masikio yote mawili, kama mgeni anayeondoka na shuka za mwenyeji. Wakubwa walilia. Watoto wale wawili wakatunga lugha yao ya mikono. Treni nyekundu wakaiita Jogoo: unasimamisha kiganja utosini kama kilemba cha jogoo. Ya njano wakaiita Kifaranga: vidole vinadonoa hewa mbiombio. Ukawa mchezo wa watoto, wakazeeka nao.

Sasa dada alikuwa mhudumu wa kituo kidogo kilichojificha nyuma ya kona, penye reli moja tu. Upande huu kibanda chake. Upande ule ukingo mwembamba wa kushukia abiria, na nyuma ya ukingo ukuta wa mlima uliochongwa. Mtu akikutwa pale na treni ya kasi hana pa kwenda, upepo unamfagia kama ganda la karanga. Kwa hiyo kazi ilikuwa na utaratibu wake. Ukiona nyekundu imetokeza konani, na hiyo huanza kufunga breki pale pale, unabeba kigoda cha mbao, unavuka reli mbele yake, unakiweka ukingoni ili wazee na wenye mizigo washukie. Ukiona ya njano, unabaki kibandani na mikono yako mapajani.

Wenye masikio walikuwa na nyongeza: ya kasi hupiga honi ndefu ikifika kona. Dada hakuwa na nyongeza. Nyayo zake zilimwambia treni inakuja, maana ardhi hutetemeka. Ila ardhi haisemi kama inayokuja itasimama. Hilo aliambiwa na rangi. Mkuu wa zamani alimwajiri akijua hasikii, akastaafu bila kumwambia mtu. Wenye kampuni wapya hawakujua, na dada hakutaka wajue.

Basi wapya wakaja na jina lao, na nembo ya ndege ambaye karakana nzima ilishindwa kukubaliana kama ni njiwa au mwewe. Msimamizi, ambaye mafundi walimbandika jina la Ndiyo Mzee kwa sababu hakuwa na jibu jingine kwa wakubwa, akawakusanya na kuwaonyesha kipande cha bati kilichopakwa rangi ya majivu.

"Ndiyo hii," alisema. "Zote."

"Zote?" fundi aliuliza. "Ya pole na ya kasi?"

"Kichwa, mabehewa, mpaka ndoo za kusafishia vyoo. Kampuni moja, sura moja."

"Watu watazijuaje?"

"Watasoma, ndugu yangu. Treni itakuwa imeandikwa ubavuni."

"Ubavu unauona ikishakupita."

"Basi ikishakupita si utakuwa umejua?"

Karakana ikaangua kicheko. Fundi naye akacheka, lakini macho yake yalibaki kwenye kile kipande cha bati.

Siku ya mapumziko akaenda kwa dada yake. Alimkuta nyuma ya kibanda akigonga misumari kwenye kigoda kilicholegea mguu. Fundi akamgusa bega, akasema kwa mikono: wanampaka majivu Jogoo. Na Kifaranga pia.

Dada akacheka bila sauti. Wamewachoma moto?

Sitanii. Hutaweza kuwatofautisha. Acha kazi hii.

Nikale kwako? Dada akauchora hewani mdomo wa wifi yake unavyopinda akiona mgeni, na fundi, pamoja na hofu yake, akashindwa kujizuia kutabasamu.

Basi nitawaambia wakubwa kwamba husikii. Wakupe kazi nyingine.

Dada akaiangusha nyundo. Akaikamata mikono ya mdogo wake, akaibana pamoja, jambo ambalo kwa lugha yao lilikuwa sawa na kumziba mtu mdomo. Kisha akasema kwa sauti yake ile nzito ambayo hakuitumia ila kwa jambo zito: "Ukisema, mimi si dada yako."

Fundi akarudi na mzigo huo. Kazi ya rangi ina adabu zake: unakwangua, unapiga msasa, unafuta mafuta, ndipo unapaka. Ukiruka hatua moja, rangi itakuja kukuumbua mbele za watu. Maisha yake yote hakuwahi kuruka. Lakini kilipofika kichwa cha treni ya kasi, alisubiri wenzake wakale, akachukua mshumaa, akaisugua nta kwenye njano yote ya usoni, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Juu ya nta akapaka majivu. Ikang'aa vizuri. Akaona haya kuitazama.

Upepo wa safari ukafanya kazi yake. Majivu yakaanza kubanduka magamba kwa magamba, na chini yake njano ikachungulia, kwanza kama sarafu, kisha kama sahani, mwishowe pana kama mlango. Kichwa cha treni ya pole kilipakwa baada ya hapo, kikabaki majivu matupu, hakina hata mkwaruzo. Ujumbe wa dada ukaingia kwenye simu: "Kifaranga kinatotolewa! Nimekiona." Usiku huo fundi alilala fofofo, na mkewe akamwuliza asubuhi kama alikuwa mgonjwa.

Angejua, asingelala.

Siku ya sherehe ya jina jipya ikafika. Wageni walikuwa wapande treni ya kasi wasikie hotuba njiani. Fundi alipelekwa asubuhi kumalizia herufi kwenye lango la stesheni kuu, na aliporudi kwenye ua wa karakana alikuta mabehewa ya treni ya kasi yamekwisha kupangwa, yamefungwa mapambo, watu wamejaa ndani. Mbele ya mabehewa hayo kulikuwa na kichwa kisafi, majivu matupu kutoka juu mpaka chini. Kile chake, chenye uso uliobanduka, kilisimama kando, kimefungwa kwenye treni ya pole.

"Nani kabadilisha vichwa?" Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine.

"Mimi," Ndiyo Mzee alisema, kifua mbele. "Mkubwa amekiona kile chenye ukurutu, akaona aibu. Wageni wafuate nyuma ya kitu kama kile? Nimekipeleka kwenye ya pole. Na wewe tutaongea. Rangi gani inabanduka kama ngozi ya nyoka?"

Fundi hakusikia mengine. Aliona kona. Aliona majivu matupu yanatokeza, hayana njano hata tone, na dada yake anasimamisha kiganja utosini, Jogoo huyo, anainamia kigoda, anavuka. Alama aliyompa imlinde ndiyo itakayomwita relini.

Akaandika kwenye simu: "Usivuke! Inayokuja sasa ni Kifaranga!" Ujumbe ukaenda, ukakaa. Haukusomwa. Saa hizo dada hufagia nje, na simu yake huiacha ndani ya mkoba, ndani ya kibanda. Nani ampigie? Simu ya kiziwi inatetemekea mkoba tu.

Akakimbilia dirishani kwa dereva. "Kaka, nakuomba. Ukifika kituo kidogo, kile cha konani, tambaa."

"Nitambae na wakubwa wako nyuma yangu wanapima mwendo?" Dereva alicheka. "Usijali, nitapiga honi mpaka mlima upasuke."

"Honi haitasaidia."

"Kwa nini?"

Fundi akafungua mdomo. Akayaona macho ya dada yake na mikono yake mwenyewe imebanwa. "Hasikii," alisema. "Mhudumu wa pale ni dada yangu, hasikii kitu. Anazijua kwa rangi. Akiona hii atadhani ni ya pole. Atavuka."

Kicheko kikamkauka dereva usoni. Akatazama mbele, kwenye taa. "Kupunguza mwendo si uamuzi wangu, fundi. Nikipunguza bila amri, leo hii hii nimerudi nyumbani. Nina watoto."

"Naye ana mimi."

Dereva akafunga dirisha. Kule nyuma, bendi ilikuwa imeanza kupiga.

Stoo kulikuwa na ndoo moja ya njano ya zamani, iliyobakizwa kwa kuchorea mistari sakafuni. Fundi aliipasua kifuniko kwa bisibisi huku akirudi mbio, inamwagikia viatuni. Akapanda ngazi ya mbele ya kile kichwa kisafi. Chini ya kioo cha dereva, kwenye majivu yale mapya, akaimimina yote, akaisambaza kwa mikono yake miwili, kwa viwiko, mpaka ndoo ikawa tupu na uso wote ukawa unachuruzika.

Ndiyo Mzee alikuwa anakuja huku akipiga kelele zisizo na maneno ndani yake. Taa ikawa kijani. Dereva alimtazama fundi kupitia kioo, akaitazama njano inayotiririka, kisha akageuza uso kama mtu ambaye hakuona. Fundi akaruka chini. Treni ikaondoka, na wageni ndani wakapiga makofi.

Wakamketisha ofisini kwa msimamizi. Akaiweka simu yake mezani, akawa anaikodolea macho, na njano inamkaukia mikononi ikimbana ngozi.

"Umepandwa na nini wewe?" Ndiyo Mzee alikuwa hajui asimame au aketi. "Umelipwa na nani? Sema!"

Fundi alikuwa kwenye treni. Sasa wamevuka daraja. Rangi mbichi, na upepo ule. Itakuwa imebaki kweli? Au imeoshwa yote, imebaki michirizi ambayo mtu wa mbali hawezi kuiona? Sasa wanaingia mlimani. Na kama amegeuza mgongo, anatikisa ufagio? Sasa kona. Akafumba macho. Akafumbua. Ujumbe bado haujasomwa.

"Nasema na wewe!"

Ndiyo Mzee akauliza mpaka mwenyewe akachoka, akaketi. Ndipo simu ikatetemeka, ikazunguka mezani kama mende aliyepinduka.

"Kifaranga cha leo kimelowa," dada alikuwa ameandika. "Kimenirushia rangi."

Fundi akacheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Ndiyo Mzee akarudisha kiti nyuma. Kisha akausoma tena, na kicheko kikakatika. Kimenirushia. Mtu aliye kibandani harushiwi rangi.

Akasimulia yote, tangu mshumaa. Ndiyo Mzee alisikiliza mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mkubwa wa kumwitikia ndiyo.

"Kichwa kitaoshwa," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Kesho kitakuwa safi, na leo hii vinaanza kazi vichwa vingine vya majivu, vya kasi na vya pole, hilo siwezi kulizuia. Habari za dada yako nitazipeleka juu. Watakavyoamua, sijui. Wewe acha funguo za stoo."

Alasiri fundi akapanda treni ya pole. Ilivutwa na kile kichwa chake chenye uso uliobanduka, na ilipofika kituo kidogo ikasimama bila mtu wa kuleta kigoda. Bila shaka: dada alikuwa ameiona njano, akabaki ng'ambo. Fundi akaruka ukingoni, goti likamwuma. Treni ikaondoka, na kule upande wa pili akamwona amesimama mbele ya kibanda, mkono mdomoni, akikisindikiza kwa macho Kifaranga kilichokuwa kimesimama.

Kati yao, juu ya mataruma ya reli, kulikuwa na vipande vya mbao. Mguu wa kigoda wenye misumari mipya ulilala peke yake kwenye kokoto. Ulikuwa na madoa ya njano.

Akavuka. Dada akamnyooshea mkono wa kulia. Kuanzia begani mpaka kwenye kifundo, koti lake la kazi lilikuwa limenyunyiziwa njano, matone marefu yaliyolala upande mmoja, jinsi upepo ulivyoyapeleka. Fundi amepaka rangi maisha yake yote. Alijua tone la namna ile linahitaji umbali gani.

Nilikuwa katikati, mikono ya dada ilisema. Nikaona inachuruzika. Nikakiacha kigoda.

Nimewaambia, fundi alijibu. Nimesema kwamba husikii.

Dada akamsogelea. Akauinua mkono, na fundi akangoja kibao. Lakini mkono ulimpita, ukaenda kukwangua doa lililokauka shingoni mwake, kama alivyokuwa akimfuta matongotongo zamani.

Na kesho itakuwa rangi gani? akauliza.

Fundi akatafuta ishara.

Mara dada akatulia. Akautazama mguu wake, kisha mguu wa mdogo wake, na fundi naye akausikia mtetemo ukipanda kwenye nyayo. Wote wawili wakageukia kona. Uso wa majivu ukatokeza, mtupu, mtulivu, wa treni yoyote ile.

Dada akamgeukia. Akasimamisha kiganja utosini, kisha vidole vyake vikadonoa hewa. Ipi?

Fundi akaukamata mkono wake wenye njano, akaubana, akaitegea honi masikio kwa ajili ya watu wawili.