Binti wa Kwenye Kopo la Peremende

Hebu niambie, wewe ungefanyaje? Umetoka jikoni na sahani ya papai ulilolimenya na kulikata vipande vidogo vidogo, umefika sebuleni, na pale sakafuni unamkuta mjukuu wako, kipenzi cha moyo wako, amepiga magoti na brashi mkononi. Anaupiga uso wako uliochorwa bangoni alama kubwa ya mkasi kwa rangi nyekundu, kama mwalimu anavyokosoa hesabu. Na yeye hajui kwamba uso ule ni wako.

Bibi Sau-King alisimama na sahani yake. Maneno yalimjia mengi, lakini lililotoka lilikuwa moja tu.

"Utadondoshea zulia langu."

"Nimetandika magazeti, Bibi." Tahlia hakuinua hata kichwa. "Njoo uone. Inatosha hivi, au nimkoleze na hapa kwenye meno?"

Ile picha ilikuwa imekuzwa ikawa kubwa kama mlango wa kabati. Innisfail, mji huu wa mashamba ya miwa, mzima unaijua, maana haipo nyumba ambayo haijawahi kuwa na lile kopo, kama si la peremende basi la vifungo na sindano. Binti wa Kichina, ngozi ya njano kama bizari, macho yamevutwa yakabaki mistari miwili, meno ya mbele yametokeza kama ya sungura. Kichwani kofia ya ukindu iliyochongoka, mwilini gauni la hariri, mkononi upepeo. Chini yake maandishi: Binti Yungiyungi, Peremende za Tangawizi. Katika picha nzima mchoraji aliweka kitu kimoja tu cha kweli, nacho ni kidoa cheusi chini ya sikio la kushoto. Bibi Sau-King alishusha sahani mezani, akazivuta nywele zake mbele kidogo.

"Mkasi mmoja unatosha," alisema. "Kula papai."

Tahlia alikuwa na miaka kumi na tisa, msichana wa maneno ya moto na machozi ya karibu. Jumamosi ya wiki ile wenye kiwanda cha peremende walikuwa wamewaita watu kwenye ukumbi wa mji waseme kama picha ya kopo ibadilishwe au ibaki, na yeye ndiye aliyewakusanya vijana kwenda kusimama mlangoni na mabango. Sababu yake Bibi aliijua vizuri. Kila mwaka, siku ya sherehe za mavuno ya miwa, msichana mmoja huvishwa kama yule wa kwenye kopo, akapandishwa juu ya lori, akawarushia watu peremende. Kwa kawaida ni msichana wa Kizungu aliyepakwa manjano usoni na wanja pembeni mwa macho. Mwaka Tahlia alipokuwa na miaka tisa, mwalimu wake alimwambia kwa furaha kabisa, "Mwaka huu tumepata wa kweli! Wewe hata rangi huhitaji." Akapanda lori. Wavulana wakalikimbiza lile lori tangu darajani mpaka kwenye ukumbi, wamejivuta macho kwa vidole, wanaimba "ching chong". Aliporudi nyumbani, bibi yake alimkalisha ukingoni mwa bafu, akamwosha uso kwa maji ya uvuguvugu, taratibu, mpaka machozi yakaisha. Hakumwambia kitu.

Na angemwambia nini? Kwamba mtoto aliyechorwa mwaka elfu moja mia tisa hamsini na nane alikuwa ni yeye? Mama yake Bibi Sau-King alikuwa mmenyaji wa tangawizi pale kiwandani, vidole vyake vikiwaka usiku na mchana kwa ule utomvu. Mzee Haddow, mwenye kiwanda, alimwambia, "Yule mtoto wako mlete Jumatatu, nataka uso wa Kichina." Mchoraji alitoka mji mkubwa wa Brisbane kwa treni. Siku tatu mtoto alikaa juu ya kreti, akiwa ndani ya gauni la hariri la kuazima lililonuka dawa ya nondo, limebanwa kwa pini mgongoni. Kopo la kwanza lilipotoka, baba yake alilitazama muda mrefu, akaliweka juu kabisa ya kabati, picha ikitazama ukuta. Habari ikaishia hapo. Mtu pekee aliyekuja kuambiwa ni marehemu mumewe, naye alikwenda nayo kaburini.

Sasa Bibi alijua kwamba akinyamaza, Jumamosi atapita mlangoni pa ukumbi na kuuona uso wake umepigwa mkasi na mkono anaoupenda. Na akisema, mwenye mkono ule hatajisamehe maisha. Basi akanyamaza Jumatatu, akanyamaza Jumanne.

Alhamisi ikawa siku ya kufunga joong, vifurushi vya mchele wa kunata vinavyochemshwa ndani ya majani, kwa sababu sikukuu yake ya Kichina ilikuwa imekaribia. Majani ya mwanzi yalikuwa yamelowekwa tangu jana. Mezani palikuwa na beseni la mchele wa kunata, bakuli la choroko zilizokobolewa, vipande vya nyama ya nguruwe yenye mafuta yake, na viini vya mayai ya chumvi vyekundu kama jua la asubuhi. Nyuzi zilining'inia kwenye mpini wa kabati. Unapishanisha majani mawili, unayakunja yawe kama pakacha dogo lenye ncha, unatia mchele, choroko, nyama, kiini, mchele tena, unafunika, unazungusha uzi. Usikaze mno, maana mchele ukivimba hupasua. Usilegeze, maana maji huingia.

"Lako linavuja, Tahlia."

"Halivuji, linapumua."

"Likipumua hivyo ndani ya sufuria tutakunywa uji."

Walikuwa wanacheka hivyo ndipo mlango wa wavu ulipogongwa. Alikuwa Graeme Haddow, mjukuu wa yule Haddow mzee na mwenye kiwanda sasa, mtu wa miaka hamsini na kitu, uso mwekundu wa jua, kofia kifuani, kikapu cha peremende mkononi. Tahlia akakunja uso. Graeme hakuona. Alikuwa na habari, na habari ilikuwa inamtoka kama maji ya bomba lililopasuka.

"Mama Leong!" alimwita Bibi kwa jina la mumewe. "Umetuficha miaka yote hii!"

"Nimewaficha nini, Graeme?"

"Nimepekua makaratasi ya babu nikakuta barua ya mchoraji. Ameandika kabisa, mtoto ni wa Mama Lau, mama yako, wa meza ya kumenya tangawizi. Binti Yungiyungi ni wewe!"

Pakacha lilimponyoka Tahlia. Mchele ukamwagika mezani, ukatiririka mpaka sakafuni.

"Uongo," alisema. "Bibi, mwambie ni uongo."

Bibi Sau-King aliinama, akaanza kuokota mchele kwa ncha ya kidole. "Nilikuwa na miaka saba," alisema.

Tahlia akatoka. Mlango wa nyuma ukapiga kishindo. Graeme alikuwa amebaki katikati ya jiko kama mtu aliyekanyaga bakuli la watu.

"Nilidhani anajua," alisema kwa sauti ndogo. "Mama Leong, naapa, nilidhani mnaringa nayo humu ndani."

"Weka kikapu. Nawa mikono."

"Mimi?"

"Wewe. Wiki ya joong jikoni kwangu hakuna anayekaa mikono mitupu. Padri alifunga, fundi wa umeme alifunga. Chukua majani mawili. Upande unaong'aa unagusa mchele."

Alimwonyesha mara moja, akamwacha akihangaika, akatoka nyuma. Tahlia alikuwa amekaa kwenye ngazi, magoti kidevuni. Mvua nyembamba ilikuwa inaanguka juu ya migomba ya jirani. Bibi akashuka taratibu, mkono kwenye nguzo, akakaa kando yake.

"Nimekupiga mkasi usoni, Bibi."

"Nimeuona. Mistari yako imenyooka."

"Nikaongeza na meno!"

"Meno ndiyo uliyatendea haki kabisa."

Tahlia alicheka, kicheko kikageuka kilio katikati, akauficha uso kwenye bega la bibi yake lililonuka majani na chumvi. "Kwa nini hukuniambia? Hata siku ile ya lori hukuniambia."

Bibi alimfuta punje ya mchele shavuni. "Siku ile nilikuwa nakuosha uso, nikawa naosha na wa kwangu. Nikajisemea, nikimwambia, kila akikumbuka wale wavulana ataniona mimi. Na mtoto hana kosa. Kwa nini naye abebe siri yangu? Nikaona bora ninyamaze mimi, nimeshazoea."

"Nitalichana lile bango."

"Kalichane kwa sababu zako. Kwa ajili yangu usiguse kitu." Akajikongoja kuinuka. "Twende ndani, yule bwana atanimalizia majani."

Na kweli. Graeme alikuwa amefunga moja, kubwa, limezungushiwa uzi mita nzima.

"Hiki nini?" Tahlia aliuliza huku akipenga kamasi. "Umemfunga majeruhi bandeji?"

"Nilitaka lisivuje."

"Hilo halivuji, hilo limekata roho."

Bibi aliwapa kila mtu kiti, mmoja kulia kwake, mwingine kushoto. Kwa muda mikono ikafanya kazi, uzi ukakwaruza mpini wa kabati, sufuria ikaanza kuchemka motoni. Lakini Graeme alikuwa amekuja na neno lake, akashindwa kulimeza.

"Mama Leong, Jumamosi nakuomba jambo moja tu. Usimame pale mbele, watu wakuone, useme picha ibaki. Wakijua ni mtu wa kweli, mtu wetu wa hapa hapa, ugomvi wote umekwisha. Babu hakuichoresha kwa dharau. Watu wanaipenda ile picha. Baba yangu kazikwa na kopo lake mfukoni."

"Wanapenda kofia," Tahlia alimkata. "Wanapenda meno. Wewe ulishawahi kupandishwa lori ukaimbiwa?"

"Mimi nakwambia watu hawana nia mbaya, dada yangu."

"Na mimi nakwambia nilikuwa na miaka tisa, Bwana Haddow, na nia yao niliisikia tangu darajani mpaka kwenye ukumbi! Bibi atasimama, sawa. Atasimama aseme iondoke. Si ndiyo, Bibi?"

"Usimlazimishe."

"Wewe ndiye umekuja na kikapu!"

"Kikapu ni heshima!"

"Heshima ya tangawizi aliyoimenya mama yake!"

Walikuwa wanarushiana maneno juu ya kichwa chake, huyu kulia na huyu kushoto, na yeye katikati ameshika joong ambalo halijafungwa. Akalifunga. Akazungusha uzi mara nne, akatia fundo, akakata ncha kwa mkasi, akaliweka sinia.

"Nyamazeni," alisema.

Hakupaza sauti.

"Mmoja ananiambia niseme ibaki, mwingine niseme iondoke. Mimi na yule wa kwenye kopo mnatuona mtu mmoja." Alijipangusa mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Mzee Haddow alipomwambia mama yangu nitachorwa, mama alinunua kitambaa. Buluu, chenye vijiua vyeupe. Alishona jioni tatu baada ya kazi, kwenye cherehani ya jirani yetu Mwitaliano, na vidole vyenyewe vilikuwa vimebabuka kwa tangawizi, kila akisukuma kitambaa anafanya 'sss'. Akanitilia kola nyeupe. Akanitilia na mfuko mmoja hapa, ndani yake leso. Jumatatu nikaenda nimechana nywele, na viatu vyangu vya shule. Nilijiona! Njia nzima nilikuwa natazama kivuli changu."

Graeme alikuwa ameshusha majani yake.

"Mchoraji akanitazama. Akasema, 'Gauni zuri, lakini halionekani la Kichina. Avue.' Wakanivua pale pale, nyuma ya makreti. Mama akalikunja gauni lake kwenye gazeti, akakaa nalo mapajani. Siku tatu. Kila nikigeuza macho namwona amelikumbatia lile gazeti, ananitabasamia ili nisilie. Mchoraji hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza kama nimechoka, kama nataka maji, kama nataka peremende. Kila akiuliza nikasema hapana, ahsante. Mama alikuwa amenifundisha adabu."

Tahlia aliufunika mkono wa bibi yake kwa mkono wake wenye punje za mchele.

"Kwa hiyo, Graeme, Jumamosi nitakuja, na hiyo picha muiondoe. Na wewe, mwanangu, acha kulia. Uliyempiga mkasi si mimi. Mimi sikuchorwa."

"Ulitaka nini, Bibi?" Tahlia aliuliza. "Alipokuuliza unataka nini?"

Bibi Sau-King alimgeukia Graeme Haddow kama vile ndiye aliyeshika brashi.

"Nilitaka kumwambia, 'Bwana, Mchina ni mimi hapa, na gauni langu ni hilo alilolikumbatia mama. Nichore nalo.'"