Molasi Ndani ya Asidi

Wivu ulimwingia Jumwa tangu siku Kavenya alipofika kiwandani na mashine yake ya ozoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Uongo mtupu! Mwenyeji huyu alizidi kuugua.

Kiwandani pale karibu na Ramisi husafishwa asidi iliyokwisha kuosha vyuma, ipate kutumika tena. Hurudi rangi ya kutu, imejaa mafuta na takataka, na kwa miaka mingi aliyeichuja alikuwa Jumwa, kwa makaa ya vifuu aliyoyachoma mwenyewe. Tajiri wake, Bwana Rai, alimwita mkono wake wa kulia. Sasa mkono wa kulia ulikuwa Kavenya, msichana wa Makueni, mwenye shikamoo zisizokwisha.

"Ozoni ni hewa iliyopigwa umeme, mama," Kavenya alimweleza. "Nikiipuliza ndani, inaula uchafu wa mafuta, asidi inabaki."

"Marahaba," Jumwa alijibu, ijapokuwa hakuwa ameamkiwa.

Rai alikata shauri. Wanunuzi wa asidi wangekuja mchana kutazama: tangi alilopewa Kavenya lisipotakata, mashine irudi ilikotoka; likitakata, makaa basi.

Asubuhi yote asidi ilizidi kung'aa, na Jumwa alizidi kununa. Wenzake walipokwenda kula, alichukua ndoo ya molasi aliyowanunulia ng'ombe wake, ile shira nzito ya miwa, akaimimina yote katika tangi la Kavenya. Asidi ikawa nyeusi ti. Na moyo wake, Mungu amsamehe, ukawa mweupe pe.

Wanunuzi walipofika, Rai alimgombeza Kavenya mbele yao. Msichana hakulia. Alilitazama tangi, akamtazama Jumwa kidogo.

"Nipeni mpaka alasiri," akasema.

Akaifungulia ozoni kwa nguvu. Mapovu yakapanda. Jumwa alisimama kando akiomba ishindwe, ishindwe, ishindwe! Haikushindwa. Ule weusi ukawa kahawa, kahawa ikawa chai, na adhana ya alasiri ilipolia, asidi ilikuwa kama maji ya mvua. Wanunuzi wakapiga makofi.

"Jumwa," Rai aliuliza mbele ya watu wote, "makaa yako yangeyaweza haya?"

"Yasingeweza."

Watu wakaizonga mashine. Kavenya alimsogelea Jumwa na kitambaa kilicholowa.

"Mama, jifute kiganja," alinong'ona. "Kimenata molasi, na Bwana Rai anakuja kukupa mkono. Nimemwambia sikai hapa bila wewe."

Jumwa akajifuta. Lo, afadhali msichana angemtangaza mbele ya kadamnasi, apate sababu ya kumchukia! Alikwisha kumwonea wivu kwa kazi yake, na kwa tajiri pia. Sasa ilimbidi amwonee wivu hata huo wema.