Wote Wamo

Bahari ilikuwa tulivu mno tangu asubuhi, na nahodha hakuipenda hata kidogo. Abiria walishuka ngazi wakicheka, kofia pana vichwani, wakaenea kisiwani na kamera zao. Yeye alibaki juu kwenye chumba cha usukani, amekodolea macho taarifa ya hali ya hewa. Kimbunga kilichosemekana kitapita mbali kilikuwa kimebadili njia. Adhuhuri mkuu wa bandari akatuma neno: mlango wa bandari unafungwa saa tisa, na chombo kitakachokutwa gatini shauri yake.

"Tunaondoka saa nane na nusu," nahodha alimwambia msaidizi wake. "Piga honi, watu warudi."

"Na wakichelewa?"

"Wasichelewe. Gati hili fupi. Mawimbi yakishaingia yataigonga meli ukutani mpaka ipasuke, na humu ndani tuna watu elfu mbili."

Mmoja wa watu hao alikuwa mama yake mzazi. Miaka mingi alimwahidi kumpandisha melini, na miaka mingi ahadi ikapigwa danadana, hadi safari hii. Bibi kizee alipanda na mkoba wake mweusi wa ngozi, na siku ya kwanza tu akawauliza wapishi kama wanaosha mikono. Asubuhi hiyo tumbo lilimsumbua. Nahodha alimwacha kitandani, shuka hadi shingoni.

"Nenda kazini, baba," alimwambia mwanawe. "Mimi nitalala tu."

Sasa, meli za namna hii huhesabu watu kwa mashine. Pale ngazini kila mtu hupitisha kadi yake akitoka na akirudi, na saa ya kuondoka mashine husema nani yuko nje. Hakuna anayepita hivi hivi. Isipokuwa mmoja, na hapo nahodha mwenyewe ndiye aliyetia mkono. Bandari mbili nyuma alimkuta mlinzi wa ngazini amemsimamisha mama, mama anapekua mkoba wake akitafuta kadi, foleni nyuma yake inaguna. Damu ikampanda.

"Huyu ni mama yangu! Kadi ya nini? Humjui?"

Mlinzi akaomba radhi. Kuanzia siku hiyo mama akawa anapita kama yuko sebuleni kwake, na mlinzi anainamisha kichwa. Baharia mwingine angefanya hivyo, nahodha huyu huyu angemfukuza kazi. Simtetei.

Saa nane upepo ulianza kuvuta kamba za meli zikalia. Abiria walirudi mbio, wengine wamebeba viatu mkononi. Saa nane na robo msaidizi alisoma kioo cha mashine.

"Wote wamo, kapteni."

Nahodha alipiga simu chumbani kwa mama. Ililia weee, haikupokelewa.

"Nimtume mhudumu akamgongee?" msaidizi aliuliza.

"Mwache alale, hajiwezi. Fungueni kamba."

Meli ikajivuta gatini. Rubani wa bandari aliitoa langoni, akashukia boti yake, akaenda zake. Nyuma yao lango likafungwa. Mbele ulibaki mkondo mwembamba kati ya miamba, uliopinda kulia nusu duara kabla ya kufika maji makuu. Mle meli kubwa haisimami wala hairudi nyuma. Nahodha alianza tu kupumua redio ilipoita. Alikuwa wakala wa meli, aliyebaki nchi kavu.

"Kapteni, hapa gatini kuna mama. Anasema alishuka saa sita kukanyaga ardhi kidogo, usingizi ukampitia kwenye benchi nyuma ya ghala. Ana mkoba mweusi."

Nahodha aliinyakua redio. Chumba cha usukani hakuna aliyemtazama usoni.

"Mtie kwenye gari. Mpandishe mlimani sasa hivi!"

"Hataki kutoka, kapteni! Maji yameshapanda gatini, yako miguuni. Anasema meli inageuka, unamrudia."

Ni kweli ilikuwa inageuka. Ilikuwa inafuata kona ya mkondo, na kwa mtu wa gatini ilionekana kabisa inarudi nyumbani.

"Mpe redio. Niongee naye mwenyewe."

Mkwaruzo, halafu sauti ya mama, ya furaha. "Baba? Nimekuona! Njoo taratibu, wala sina haraka."

"Mama, sirudi! Ondoka hapo!"

Lakini redio zile husema mmoja mmoja. Anayebana kitufe anasikika, na mpaka akiachie hasikii lolote. Bibi kizee alikuwa amekibana kwa nguvu zake zote, kama mtu aliyeshika mkono wa mtoto barabarani. Nahodha alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na chumba kizima kikawa kinasikia upande wa pili peke yake: upepo, maji yakipiga ukuta, wakala akilia, "Mama, achia kitufe! Achia, akusikie!"

"Niachie nini?" mama alimjibu. "Niache niongee na mwanangu."

"Kapteni," msaidizi alinong'ona, "kona inaisha. Tunyooshe?"

Kushoto miamba ilikuwa inatoa povu. Chini yao watu elfu mbili walikuwa wanakunywa chai.

"Nyoosha," nahodha alisema.

Meli ikaelekeza pua yake baharini. Redioni maji yalivuma, wakala akaita mara moja, asiite tena. Kisha mama aliuliza, polepole, bila hasira:

"Mbona ananipa mgongo?"