Wageni wa Mwisho wa Fundo

Siku Khatib alipofariki, mtandao haukukatika hata dakika moja. Ilikuwa Jumanne, kabla ya adhuhuri. Dada yake Asya aliletewa habari akiwa kazini, katika ofisi ya Chake Chake waliyoitumikia wote wawili, na kwa muda mrefu alibaki akitazama taa za kijani zikimemetuka nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo. Vituo vya afya viliendelea kupeleka picha na mafaili ya wagonjwa Unguja kana kwamba hakuna aliyeondoka.

Khatib ndiye aliyeifunga mitambo mitatu ya chumba kile. Njia ya kwenda Unguja ni ndefu na nyembamba, kwa hiyo kila mtambo ulikumbuka kila kipande cha data ulichokwisha kukipitisha. Kikija tena, ulipeleka alama fupi tu, na mtambo mwenzake wa Unguja ukakijenga upya. Aliipa majina: Tumbe, Fundo na Tibirinzi. Mbele ya mitambo hiyo aliweka mgawaji, kifaa cha kuipangia kila safari, yaani kila mawasiliano yanayopita, mtambo wake.

"Ni kama hitima," alimweleza Asya mwaka alioajiriwa. "Wageni wanagawanywa kwenye masinia. Lakini mtu akishatia mkono sinia hili, hahami. Akihamia jingine katikati ya chakula, weye utamwonaje?"

"Mlafi."

"Basi na mtandao una adabu zake."

Baada ya matanga, Asya akazoea kukaa mle chumbani, kajikunyata ndani ya buibui lake kwa baridi. Mitambo ilivuma kama uradi unaosomwa kwa sauti ya chini. Kompyuta ya kaka yake ilikuwa imepangiwa Fundo tangu mwanzo. Asya akifumba macho aliziona barua za Khatib, picha za harusi alizowatumia jamaa, zote zimekatwa vipande vidogo, zimetandazwa humo ndani kama karafuu juu ya jamvi, na mtu anapita taratibu akizigeuza kwa unyayo.

Wiki ile ile ya hitima ya Khatib, feni ya Fundo ilikufa. Mtambo ukawa unapata moto na kuziangusha safari njiani. Asya aliona. Angeweza kumwagiza mgawaji aupunguzie kazi, lakini aliuachia theluthi yake kamili, kama Khatib alivyopanga.

Mwezi wa pili tangu msiba akapiga simu Bi Ummi, muuguzi wa huko Wete.

"Mwanangu Asya, picha ya kifua cha mtoto naipeleka mara ya nne hii. Ikifika shingoni inakatika. Daktari wa Unguja kaniuliza, mgonjwa wenu ana kifua au hana?"

Asya alicheka. Alijua safari ile ilipita wapi. Aligeuka, akamkuta mkuu wake, Mzee Masoud, kasimama mlangoni.

"Ni Fundo?"

"Ni Fundo."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya hitima."

Mzee Masoud alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu. "Vilivyomo ni vipande tu, mwanangu. Hata Khatib mwenyewe asingevitambua."

"Najua."

"Basi uzime."

"Nikiuzima ghafla, waliomo wote watakatika. Nipe mpaka alasiri."

Akamwagiza mgawaji asipeleke mgeni mpya Fundo. Waliokwisha kukaa waachwe wamalize. Picha ya Bi Ummi ikapita Tumbe, ikafika nzima. Kwenye kioo cha kompyuta, idadi ya waliobaki ilishuka: arubaini na moja, kumi na tisa, sita. Kati ya usingizi na macho, Asya aliwaona wakiinuka mmoja mmoja, kimya, wakitafuta viatu vyao. Wa mwisho alikawia. Asya hakutaka kujua ni nani. Saa tisa na dakika ishirini naye akatoka, na Asya akaifuta kumbukumbu yote ya Fundo, akachomoa waya.

Mitambo sasa ni miwili. Kila safari ya pili huenda Tibirinzi, na asubuhi Asya ndiye anayefungua ofisi, kama alivyokuwa akifanya Khatib.