Dole Gumba la Orville

Kanuni ile niliitunga mimi, tena nikaiandika kwa mkono wangu na kwa wino mwekundu: MWANACHAMA ASISAFISHE SARAFU. Ilibandikwa ukutani kwenye chumba cha chini cha kanisa letu hapa Wausau, ambamo chama chetu cha wakusanya sarafu hukutana, juu ya meza ya kahawa, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyethubutu kuibandua. Sababu ninayo. Nilipokuwa bibi harusi wa wiki tatu, katika kutaka kumfurahisha baba mkwe, nilichukua sarafu zake kumi na mbili za zamani nikazisugua kwa magadi soda na mswaki mpaka zikameremeta. Mzee alizitazama, akasema, "Asante, mwanangu," akafunga kisanduku. Hakukifungua tena mbele yangu mpaka tulipomzika.

Hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Baadaye mume wangu Orville alinieleza kosa langu. Fedha ikikaa miaka mingi hujivika rangi yake yenyewe, kahawia katikati, buluu na zambarau pembeni, na ukiivua rangi hiyo hairudi tena. Tangu siku ile sina mchezo na watu wanaosafisha sarafu.

Shemeji yangu Merle, mdogo wake Orville, ni mmoja wao. Ana chupa yake ya dawa ya kuchovya, asidi inayonuka kama mayai viza, na kila sarafu inayopita mikononi mwake lazima ioge humo. Zikitoka ni nyeupe pe! Zote zinafanana na vijiko vya hotelini. Kwenye chama tunamvumilia kwa sababu ya marehemu kaka yake, na kwa sababu mkewe anapika viazi vya jibini ambavyo hakuna anayetaka kuvikosa.

Sasa, Orville aliacha dola moja ya fedha ya mwaka 1885. Alipewa na bibi yake akiwa mvulana, na siku moja aliishika vibaya, akakandamiza dole gumba lake upande wenye picha ya tai. Miaka ikapita, alama ya dole ikageuka kahawia juu ya fedha, kila mchirizi unaonekana. Kwa wanunuzi ile ni dosari. Kwangu mimi, miaka mitatu baada ya kumzika, hakuna mahali pengine duniani ambapo ngozi yake imebaki. Ningeuza nyumba kabla ya kuipoteza alama ile.

Jumamosi chama kilikuwa kifanye maonyesho, na kisanduku cha Orville chenye kifuniko cha kioo kilikuwa kimepewa meza ya mbele. Jumanne asubuhi niliitoa dola ile niiweke sawa. Ilikuwa imefunikwa na ute wa kijani.

Nilikaa kitini, kwa kuwa nilijua mara moja nani kafanya. Orville aliihifadhi kwenye bahasha ndogo ya karatasi. Baada ya mazishi mimi ndiye niliyeitoa humo nikaitia kwenye kimfuko cha plastiki laini, ili niwe naliona dole lake bila kufungua. Plastiki ile hutoa jasho la mafuta, na mafuta yale hula fedha polepole. Wanachama wapya huwa nawafundisha hivyo mwenyewe, kwa kidole juu! Lakini siku ile ya msiba nilivuta droo nikachukua kimfuko cha kwanza nilichokiona.

Nilimpigia simu Dolores, mwenyekiti wetu.

"Dada, usipoitoa hiyo takataka, italiwa," alisema.

"Kanuni inasema isisafishwe."

"Kanuni umeiandika wewe, Verna."

"Ndiyo maana siwezi kuivunja!"

"Haya basi, kaa na kanuni yako, na sarafu iliwe."

Dolores hana kifua cha kuweka siri. Jumatano kabla ya chakula cha mchana Merle alikuwa mlangoni kwangu, theluji imejaa kwenye kofia, chupa yake chini ya kwapa.

"Shemeji, sekunde tano tu," alisema hata kabla ya kuvua viatu. "Nachovya, natoa, inang'aa."

"Na dole?"

"Dole linaondoka na uchafu. Si mafuta tu hayo?"

"Ni dole la kaka yako, Merle!"

"Kaka yangu yuko makaburini, shemeji, na uchafu ni uchafu."

"Toka na chupa yako. Toka kabla sijaimwaga kwenye hiyo kofia."

Alirudi mlangoni, akageuka. Hakuwa anatania tena. "Basi kaa uitazame ikiliwa," akasema. "Utasema hukuigusa."

Neno lile lilinichoma, kwa sababu lilikuwa la kweli. Nilipasha supu sikuinywa. Nilijiuliza baba mkwe aliumia kwa nini hasa siku ile ya magadi soda. Hakuumia kwa kuwa sarafu zake ziliguswa na maji. Aliumia kwa kuwa nilichukua kitu kilichokuwa cha sarafu yenyewe. Sasa ute huu wa kijani, je, ulikuwa wa sarafu? Haukuwa. Ulikuwa wangu, niliuleta mimi, na kazi ya kuuondoa ilikuwa yangu. Kuvua ngozi ni jambo moja, kuondoa kilichobandikwa juu ya ngozi ni jambo jingine, na mimi kwa wino wangu mwekundu nilikuwa nimeyafunga yote mawili kwa neno moja.

Asetoni huyeyusha mafuta ya plastiki na haiigusi fedha. Hilo nililijua. Nisilolijua, wala hakuna anayeweza kulijua kabla, ni kama dole la Orville lilikuwa limeshaingia kwenye fedha au bado lilikuwa mafuta yaliyokaa juu. Kama lilikuwa limekaa juu tu, lingeondoka na ute. Niliogopa. Lakini ningeiacha, lingeliwa vilevile, nami nikitazama. Nikaamua.

Nikampigia Merle. "Niletee asetoni. Ile dawa yako iache nyumbani."

Alirudi na kichupa cha waridi.

"Merle, hii ni ya kutolea rangi ya kucha."

"Imeandikwa asetoni hapo."

"Imeandikwa pia harufu ya stroberi! Ina manukato, ina mafuta ya kulainisha vidole. Unataka kaka yako anukie saluni?"

Alicheka, mara ya kwanza siku ile, akaenda duka la vifaa vya ujenzi akaleta kopo la asetoni isiyochanganywa na kitu.

Tulifanyia kazi gereji, mlango wazi, kwa kuwa mvuke wake hudaka moto upesi. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nilimimina kwenye bakuli la kioo, maana bakuli la plastiki lingeyeyuka likatuletea balaa lilelile. Nikaishika dola pembeni, nikaizamisha, Merle akafunika kwa sahani. Hatukusugua. Tulisimama tukitazama ute ukijitenga, nyuzi nyembamba za kijani zikielea. Nilimwaga, nikamimina mpya, nikaizamisha tena.

"Na ikiwa dole limetoka?" Merle aliuliza.

"Litakuwa limetoka kwa mkono wangu. Sitamsingizia mtu."

Niliitoa nikaiweka juu ya kitambaa ikauke yenyewe. Sikuweza kutazama kwa jicho langu. Nilimpa Merle lenzi.

Aliinama. Akakaa vile muda mrefu, mpaka nikataka kumpiga teke.

"Sema basi!"

"Lipo," akasema. Kisha sauti ikabadilika. "Shemeji, lina mstari. Unakata katikati, kutoka huku mpaka huku."

"Ni kovu lake."

"Najua ni kovu lake." Aliweka lenzi chini taratibu. "Mlango wa lori la maziwa. Nilikuwa na miaka tisa, tunagombania kiti cha mbele, nikaubamiza. Damu ikajaa kwenye theluji. Baba alipouliza, Orville akasema kajibana mwenyewe. Alishikilia hivyo mpaka anakufa."

Hilo nilikuwa silijui. Miaka arobaini na minne ya ndoa, na mimi pia aliniambia kajibana mwenyewe. Niliinama kwenye lenzi nikaliona, jembamba, limenyooka, na machozi yakanitoka nikarudi nyuma haraka yasije yakadondokea juu yake.

Ijumaa nilikwenda kanisani nikaibandua kanuni yangu. Niliandika nyingine: MWANACHAMA ASIONDOE KILICHO CHA SARAFU. AKIONDOA ALICHOKILETA MWENYEWE, ASEME. Nami nikasema. Kwenye kadi ya dola ya Orville niliandika kwamba imeoshwa kwa asetoni kwa sababu ya kosa la mjane wake, tena nikaweka jina langu kamili.

Jumamosi Merle alikaa nyuma ya meza ile tangu asubuhi, hata viazi vya mkewe alikataa kuvifuata. Saa sita hivi alipita mfanyabiashara mmoja kutoka mjini, mwenye lenzi ya bei ghali. Aliiinamia dola, akatikisa kichwa.

"Sarafu nzuri, imeharibiwa na hiyo alama ya kidole," akasema. "Ichovye sekunde tano, itatoka."

Nilifungua mdomo, lakini Merle alishasimama. Alivuta kisanduku upande wake, akaweka viganja vyote viwili juu ya kioo.

"Hiyo si alama," akasema. "Huyo ni kaka yangu."