Mpishi Aliyekosa Chanzo cha Pili

Jirani yangu Bi Tabu aliwahi kuniuliza, huku anapeta mchele wake: "Hivi Mama Mwanaidi, historia si imeshapita? Sasa nyie huko kwenye simu mnaijadilia nini, irudi?"

Nikavuta ungo wa pili, nikamsaidia kupeta.

Kundini mimi niliingia kwa urithi. Mume wangu, Mwinjuma Sembuli, Mungu amrehemu, alikuwa na wenzake wapenzi wa vitabu vya historia, wanazungumza kwenye kundi la simu kila siku. Alipofariki simu ikabaki kwangu. Eda ilipokwisha nikaifungua, nikakuta wanamsalimia. Nikawaandikia kwamba mwenye simu hayupo tena, mimi ni mkewe, nimeishia darasa la saba, naomba kusoma tu. Admini wetu Bwana Kajiru, fundi cherehani wa Same, akanijibu: "Pole sana Mama. Kiti chake ni chako." Picha ya mume wangu iliyo kwenye namba hiyo sikuiondoa.

Wiki hii tunasoma kitabu cha vita vya Kagera. Jana alasiri nikajikaza nikaandika kwamba mume wangu alikuwepo kule, mwaka wa sabini na tisa, akiwapikia mgambo maharage kwenye pipa, na kitabu hakimtaji. Bwana Kajiru ana daftari la watu walioachwa na vitabu. Linafungwa leo asubuhi, lipelekwe kupigwa chapa.

Akanijibu kwa upole. "Mama, kanuni ya nne. Habari isiyo na vyanzo viwili haikutokea. Wewe ni chanzo kimoja. Wa pili nani?"

Dada Wegesa wa Tarime akadakia: "Kajiru, kwani suruali nayo huikati mpaka upate vyanzo viwili?"

Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nikaswali isha, nikalala.

Usiku wa jana niliota nimekaa jikoni kwangu nachambua choroko, na kanuni za kundi zinaingia moja moja mlangoni. Kanuni ya nne ndiyo fupi kuliko zote. Inavua viatu.

"Hodi humu."

"Karibu ndani. Kaa."

"Sikai, Mama. Nimekuja kumchukua marehemu."

"Marehemu ameshachukuliwa," nikasema. "Mwaka wa tatu huu."

"Yule alichukuliwa baada ya kuwepo. Mimi namtoa kwenye kuwepo."

Sikuelewa. Nikaikaribisha chai, ikasema haitumii sukari. Nilipogeuka kuchukua kikombe, jiko halikuwepo. Nilikuwa kwenye chumba kirefu cha karatasi, kuta zina mistari kama daftari, na juu ya mlango pameandikwa MADA. Kundi zima limo ndani, kila mtu kama alivyo kwenye picha yake. Bwana Kajiru ana kichwa na bega moja tu, maana la pili lilikatwa pichani. Dada Wegesa ni waridi jekundu, kwa kuwa picha aliyoweka ni ya waridi.

Nikajigusa usoni, nikakuta masharubu. Nilikuwa na sura ya mume wangu. Kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba nikienda msikitini nitasimama safu ipi.

"Usitoke nje ya mada, Mama," waridi likaninong'oneza. "Kuna mmoja kaulizia bei ya vitunguu. Yuko nje, ananyeshewa."

Nikachungulia dirishani. Kweli, ananyeshewa. Ameshika vitunguu.

Bwana Kajiru anagonga meza kwa mkasi. "Chanzo cha kwanza?"

"Mimi," nikasema.

"Cha pili?"

Nikaita sufuria kubwa la mume wangu, lile asiloruhusu mtu mwingine alipikie. Likaja likijiburuta.

"Ulikuwepo Kagera?" Bwana Kajiru akaliuliza.

"Hapana. Mimi nilinunuliwa themanini na nne, hapa hapa Korogwe."

"Lakini si alikuwa akikusimulia kila siku!" nikalisihi.

"Alisimulia, na mimi nilisikia. Kusikia si kuona, Mama. Siwezi kuapa."

Nimeishi na sufuria lile miaka yote hiyo, sikujua kama lina msimamo.

Ikaitwa Faharasa, ile orodha ya majina inayokaa mwishoni mwa kitabu. Aliingia kinyumenyume, ni bibi mwembamba, mrefu mpaka darini, na majina yamemjaa toka shingoni mpaka miguuni. Akajipapasa kwa kidole.

"Semboja," akasoma. "Sengeri. Katikati hapa pana hewa tu."

"Mtazame kwenye wapishi, bibi."

"Wapishi hawaanzi na herufi yoyote."

Hapo kanuni ya nne ikaanza kazi yake. Nilifungua mdomo nimtaje mume wangu, Mwinjuma, jina likatoka "Injuma". Nikarudia, likatoka "Juma". Mara ya tatu nikasikia "Ma" peke yake, kama mbuzi. Masharubu yakaanza kunidondoka, unywele mmoja mmoja, yanaangukia mapajani.

Nikashikwa na hofu ambayo sijawahi kuipata hata siku ya mazishi. Jina hili likiisha, mimi nilikuwa mke wa nani? Ile eda nilimkalia nani? Na Mwanaidi, binti yangu, tutamwambia ni binti wa hewa iliyo kati ya Semboja na Sengeri?

"Mama, si mimi," Bwana Kajiru anasema, analia kwa jicho moja. "Ni kanuni."

"Na kanuni nani kaiandika, kibega kimoja wewe?" waridi likamkaripia. "Itoe!"

"Nilishajaribu. Imekuwa kubwa kuliko mimi."

Nikaitazama kanuni ya nne. Kweli, imeanza kurefuka.

Chumba kikawa barabara ya matope mekundu. Sikuona kilipobadilika. Kuna lori limezama mpaka nusu ya magurudumu, na pembeni pipa liko juu ya mafiga, linatokota. Mwiko unakoroga peke yake. Mpishi haonekani, kwa sababu hajathibitishwa.

Mbele ya pipa kuna foleni ya watu wenye sahani za bati. Wa mwisho nikamjua. Ni yule mwenzetu wa kundini asiye na jina wala picha, namba tupu, kile kivuli cha kijivu kisicho na macho. Nilimkuta kundini, na tangu niingie hajawahi kuandika hata salamu. Ana sahani yake, ameishika kwa mikono miwili.

"Ndugu," Bwana Kajiru anamwita. "Wewe ni chanzo?"

Kivuli hakijibu. Juu ya kichwa chake likatokea neno: anaandika…

Likapotea.

Likarudi: anaandika…

Sote tunasubiri kwenye matope. Sufuria linasubiri. Faharasa amejiachia nafasi kifuani, amelamba kidole. Kanuni ya nne inavaa viatu, inafunga kamba, kiatu cha kwanza, kiatu cha pili. Kwenye mdomo wangu umebaki unywele mmoja.

Nikataka kumwombea mume wangu, jina likakataa kuja. Nikasema, "Mola wangu, mimi limenitoka. Wewe unalijua. Lishikilie kidogo."

Anaandika…

Muadhini akaadhini kutoka ndani ya pipa, nikaamka.

Nikajipapasa juu ya mdomo. Hamna kitu. Nikasema taratibu, "Mwinjuma." Likatoka zima. Nikatawadha, nikaswali alfajiri, nikamaliza na uradi wangu. Ndipo nikaishika simu.

Kundini kulikuwa na ujumbe mpya wa saa kumi na dakika hamsini na mbili, wakati mimi bado nimelala. Umetoka kwenye ile namba tupu:

"Sembuli wa pipa. Maharage yaliungua siku tatu mfululizo. Tulikula."

Chini yake Bwana Kajiru, anayeamka mapema kupiga pasi nguo za watu, ameshajibu: "Viwili. Nimemwandika."

Nikausoma ule wa kwanza mara nne. Mume wangu alinisimulia maharage yale tangu siku aliyonioa mpaka alipolazwa, na hata siku moja hakuniambia kwamba yaliungua.

Nikaandika kwa kidole kimoja, haraka nilivyoweza: "Shikamoo baba. Wewe ni nani? Mlikuwa wangapi? Yeye alikuwa—"

Sijamaliza, ukatokea mstari mdogo wa kijivu katikati ya kioo. Ile namba, na mbele yake neno moja: ameondoka.