Hema la Dirishani

Tangu mumewe azikwe, mshona mapazia alikuwa halali. Alijilaza tu, macho darini, akiisikiliza nyumba inavyokohoa. Chumba cha pili alikuwamo mama mkwe wake, na kitanda chake nacho kililia mpaka alfajiri. Asubuhi wakikutana jikoni, kila mmoja humuuliza mwenzake, "Umelala?" na kila mmoja hujibu, "Nimelala," kisha wakamimina chai wasitazamane.

Jumamosi moja shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimpitia. Alikuwa amepata kazi ya kupima misitu huko milimani kwenye baridi, na hakuwa na jaketi la maana.

"Twende wote, shemeji," alisema. "Wewe vitambaa unavijua. Mimi nitauziwa turubai niambiwe hariri."

Alikwenda ili tu atoke ndani. Duka lenyewe lilikuwa la kona, la watu wa safari za porini. Humo mlikuwa na utulivu wa ajabu. Majaketi yalining'inia kwa safu, na kila feni ilipogeuka upande wao yalivimba kidogo, kisha yakanywea, kana kwamba yanavuta pumzi. Ukutani vilipangwa viatu vya kupandia milima, ncha zote zikiangalia juu. Na pale dirishani, juani, palisimamishwa hema la kijani, mlango wazi.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliwaacha wachague.

Sasa huyo shemeji ni mtu asiyeweza kununua hata kiberiti bila kulinganisha. Alivaa jaketi la bluu, akavua, akavaa la kijivu. Akapandisha zipu, akaishusha. Akachuchumaa, akarusha mikono kama anayefukuza nyuki. Mwishowe akaomba maji ayamwage mabegani. Kwenye la bluu maji yalijikunja yakawa shanga, yakateleza sakafuni. La kijivu liliyanywa taratibu.

"Hilo ni la umande," muuzaji alisema. "La mvua ni hili."

"Lakini la kijivu lina mifuko mingi."

"Mvua utaikinga kwa mifuko?" mshona mapazia alimuuliza.

Muuzaji akacheka, akamtazama yule mwanamke usoni kwa muda, akayaona macho yake. "Dada yangu, huyu bado sana. Ingia hemani ukae. Mna godoro."

Alivua viatu, akaingia. Mwanga wa humo ulikuwa wa kijani, kama mtu amezama kwenye maji yasiyomnyima pumzi. Sauti za barabarani zilifika zikiwa zimelainika. Alijinyoosha. *Nafumba macho kidogo tu*, alijisemea.

Alipokuja kuchungulia, shemeji mtu alimkuta anapumua kwa kina. Akanyoosha mkono amtikise, muuzaji akaushika.

"Aliyelala usimwamshe," alinong'ona. "Ukimwamsha, utalala wewe."

Basi duka lote likahamia kwenye minong'ono. Aliingia baba na binti zake wawili kutafuta begi la mgongoni. Muuzaji akaweka kidole mdomoni na kuonyesha hema. Wakavua viatu bila kuambiwa. Wakalinganisha mabegi kwa ishara, kanda kwa kanda, na baba mtu alipotaka kupunguziwa ilibidi amwinamie muuzaji sikioni. Kumbe kunong'ona hakuna ubishi. Walielewana haraka, wakaondoka wakitembea kwa ncha za vidole. Shemeji naye, kwa kuwa hakuwa na kazi, alijaribu mifuko ya kulalia. Wa kwanza ulimbana. Wa pili ulimkaa vizuri mno, na methali ikampata palepale, chini ya rafu ya viatu, bila kumwamsha mtu.

Humo hemani mwanamke aliota anashona pazia lisilo na mwisho, nje, kwenye majani marefu. Upepo ukaliinua. Aliogopa litapeperuka, lakini upande wa pili alihisi mvuto mdogo, wa mtu aliyelishika kwa uangalifu. Hakumwona. Akaendelea kushona.

Alipoamka, jua lilikuwa limegeuka rangi na mlango wa duka umefungwa. Muuzaji alikuwa amekaa, anakunywa chai.

"Nimelala muda gani?"

"Sijui. Saa nauza, lakini sikuitazama."

Mwanamke akapapasa kitambaa. "Hema hili nalitaka."

"Hilo limepauka, dada. Jua limelila. Ngoja nikuonyeshe jipya."

Wakalifungua jipya, wakalisimamisha kando ya lile la zamani. Vyuma vyake vilikuwa vyepesi zaidi, kitambaa kigumu, kinanukia plastiki. Mwanamke akaingiza kichwa, akafumba macho, akangoja. Akatoka.

"Zuri. Lakini hili ni la kupanda nalo mlima."

"Kwani wewe unakwenda wapi?"

"Uani."

Muuzaji hakucheka. Alianza kung'oa vigingi.

Shemeji, ndani ya jaketi lake jipya la bluu ingawa hapakuwa na wingu, ndiye aliyelisimamisha hema uani jioni ile. Mama mkwe alitazama akiwa mlangoni pa jikoni.

"Nyumba hii ina vyumba vitatu," alisema.

"Najua, mama."

Majirani walisema msiba umempanda kichwani. Yeye alilala. Asubuhi mama mkwe alipomuuliza kama kawaida yao, akajibu, "Nimelala." Safari hii yule mzee alimtazama usoni, akaona ni kweli, akashika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Mimi sijalala," alisema. "Sijalala tangu siku ile."

"Najua, mama. Kitanda chako nakisikia."

Wakanywa chai yao. Ila jioni, kabla giza halijakolea, zipu ya hema ilikwaruzwa kutoka nje.

"Hiki kidude kinafunguliwa wapi?"

Mkwewe akafungua. Mama aliingia kwa magoti, mto kwapani, akilaumu mgongo, akilaumu waliovumbua mahema. Akajilaza. Upepo ukagusa kitambaa, kikavimba, kikatulia.

"Mumeo alikuwa hivi hivi, mtoto yule," alisema polepole. "Ukimfungia ndani, analia. Ukimtoa nje, upepo ukimgusa tu, basi ana—"

Mwanamke akangoja amalizie. Kisha akasikia anakoroma, akavuta shuka, akamfunika mabega.